Mkarakara wa Kabuchai: Shina la Pwani, Tunda la Bara



Ni nadra kwa nyumba ya Kiislamu ya Pwani kuupitisha mwezi wa Ramadhani bila ya jagi la sharubati ya karakara kuwekwa mkekani, kando ya tende na kaimati. Mama hulipasua tunda, huutoa ute wake wenye kokwa nyeusi, huuchuja, akaongeza maji na sukari, na harufu yake ikaenea uani kabla ya adhana ya Magharibi. Lakini ni wachache kati yetu waliojiuliza matunda yale ya rangi ya zambarau, yanayouzwa Marikiti na Kongowea, yametoka wapi. Hayakutoka Kilifi wala Kwale. Mkarakara wa zambarau hauelewani na joto letu. Hustawi katika nyanda zilizoinuka, kuanzia kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mojawapo ya nyanda hizo ni Kabuchai, katika kaunti ya Bungoma, na huko ndiko makala hii iendako.

Msafiri atokaye Mombasa hupanda treni hadi Nairobi, mwendo wa kilomita 480 hivi, kisha hushika basi liendalo magharibi kupitia Nakuru, Eldoret na Webuye. Baada ya Eldoret nchi huanza kuteremka. Mashamba ya ngano hupisha mahindi, na mahindi hupisha miwa. Mto Nzoia huvukwa Webuye, na kutoka mji wa Bungoma msafiri huingia matatu iendayo kaskazini, kuelekea Chwele, ambako pana soko linalovuta wanunuzi kutoka kila upande wa magharibi ya Kenya. Chwele imo ndani ya Kabuchai, jimbo la uchaguzi lililoanzishwa kwa uchaguzi wa mwaka 2013, pamoja na Nalondo Magharibi, Bwake na Luuya, na Mukuyuni. Asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Elgon huonekana umekaa kama ukuta wa buluu. Wabukusu huuita Masaba, na kilele chake kina mita 4,321. Udongo ni mwekundu, mzito, na mvua yake huanza mwezi wa Machi ikaendelea, kwa kupanda na kushuka, karibu mpaka mwisho wa mwaka.

Salamu ya Wabukusu, kama ya Waluhya wote, ni "Mulembe". Maana yake ni amani. Mtu wa Pwani aliyezoea kusema "Assalaam alaykum" hahitaji mkalimani hapo: watu wa mlimani na watu wa baharini wamechagua neno lile lile kuwa la kwanza kutamkwa wanapokutana.

Wala si sisi wa mwanzo kutoka Pwani kufika pande hizi. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipanda kutoka Mombasa na Pangani hadi Mumias, kusini ya Bungoma. Wakati huo wasafiri wa Kiswahili walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Walifuata pembe za ndovu, na baadhi yao, tuseme kweli, walifuata watumwa. Lakini wengine walibaki, wakaoa, wakasomesha, na Uislamu ukaota mizizi Mumias. Leo adhana husikika Mumias, Bungoma na Kitale, na Mwislamu asafiriye hakosi jamaa wa kumwandalia maji ya udhu.

Jamaa wa namna hiyo ndio waliotupeleka kwa jirani yao wa Chwele, mama mmoja mjane, ili tuuone mkarakara nyumbani kwake.

Kwanza tuujue wenyewe. Mkarakara, au mpasheni kama waitavyo wengi bara, ni mmea wa kitropiki unaoparamia, wenye majani ya kijani mwaka mzima. Asili yake ni Amerika ya Kusini: kusini mwa Brazili, Paragwai na kaskazini mwa Ajentina. Hauna shina la kusimama peke yake. Kila kwenye pingili hutoa jani, chipukizi na kikono chembamba kilichojikunja kama springi, na kikono hicho hushika chochote kilicho karibu: waya, ukuti, nguo iliyoanikwa, hata shina la mwenziwe.

Ua lake ni la ajabu. Lina upana wa kiasi cha sentimita 6, petali nyeupe, na juu yake duara la nyuzi nyingi zilizokoza zambarau kwenye kitovu na kuwa nyeupe kwenye ncha. Katikati husimama nguzo ndogo yenye vichwa 5 vya chavua na, juu zaidi, vishikio 3 vya kuipokea. Wamishonari wa Kikatoliki waliolikuta Amerika walisoma ndani yake kisa cha mateso wanachokiitakidi wao, nyuzi zikawa taji la miiba na vile vishikio vitatu vikawa misumari. Hapo ndipo lilipotoka jina "pasheni". Wajapani, ambao hawakuwa na kisa hicho, waliliita ua la saa, kwa kuwa lafanana na uso wa saa ya ukutani. Mwislamu anayelitazama humsifu Aliyeliumba, na hilo lamtosha.

Lakini Wajapani walisema kweli kuliko walivyodhani, kwani ua hili hufuata wakati. Mkarakara wa zambarau, ule wa bara, hufungua maua yake alfajiri na kuyafumba kabla ya adhuhuri. Mkarakara wa manjano, ule uzaao Pwani, hungoja: maua yake hufunguka jua linapofika utosini na kufumba usiku, baada ya Isha. Hawa ni ndugu wawili wa mmea mmoja waliogawana siku. Nyuki huanza zamu kwa mmoja na kuimalizia kwa mwengine.

Nchini Kenya, kilimo cha mkarakara wa zambarau kwa ajili ya biashara kilianza katika miaka ya 1930. Mashamba makubwa yalipandwa, na zaidi ya mara moja maradhi yaliyafagia. Tangu hapo zao hili likahamia zaidi katika vishamba vya familia, robo ekari hapa, nusu ekari pale. Ndiyo sababu mkarakara umekuwa, katika sehemu kama Kabuchai, zao la kina mama.

Sababu nyengine ni wakati wa malipo. Miwa, ambayo imetapakaa Bungoma yote, hukaa shambani miezi 18 na zaidi kabla ya kukatwa, na fedha yake huja kwa mkupuo, mikononi mwa yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye mkataba. Mkarakara huanza kuzaa katika mwezi wa 7 hadi wa 9 baada ya kupandwa, na ukishaanza, tunda huokotwa kila wiki. Fedha yake ni ndogo ndogo, lakini huingia mkononi mwa yule aliyeinama kuokota.

Na kuna sababu ya tatu, ambayo haisemwi kwa sauti. Katika baadhi ya nchi za Waluhya, hasa Kakamega, ilikuwa mwiko kwa mwanamke kupanda mti. Ilisemwa kwamba angekuwa tasa, au mumewe angefariki. Chini ya mwiko huo palikuwa na hesabu ya ardhi: mti huishi miaka hamsini, na apandaye mti huwa ametia alama ya kumiliki. Mkarakara hauna dai hilo. Huishi miaka mitatu, pengine minne, kisha ukang'olewa. Mwanamke asiye na hati ya shamba anaweza kuupanda, na hakuna atakayemuuliza: "Je, shamba hili umelifanya lako?"

Mwenyeji wetu alilima nusu ekari ya marehemu mumewe, ambayo shemeji zake walimwachia aitumie. Walimwachia atumie, hawakumpa. Tofauti ya maneno hayo mawili ilikuja kumgusa.

Mara ya kwanza alipanda miche aliyoiotesha kwa mbegu, bure, kutokana na matunda ya sokoni. Alichimba mashimo ya sentimita 45 kila upande, akachanganya udongo wa juu na samadi iliyooza, akasimamisha nguzo na kuvuta waya. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kheri. Mazao yalilipa karo ya watoto wawili. Mwaka wa pili, mikarakara ikiwa imejaa maua na matunda mabichi, mmoja ulianza kunyauka upande mmoja tu. Majani yalilegea mchana yakaamka usiku, kisha yakaacha kuamka. Katika muda wa wiki mbili mmea wote ulikauka ukiwa na matunda yake yananing'inia, yamekunjamana kabla ya kuiva. Ukafuata wa jirani yake, kisha safu nzima.

Ugonjwa huo ni mnyauko fuzari. Ni ukungu ukaao ardhini, ambao huingia kupitia mizizi na kuziba mishipa ya maji ndani ya shina. Ukilipasua shina la mmea uliokufa, utaona rangi ya kahawia pale palipostahiki kuwa peupe. Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioingiliwa. Na baya zaidi, ukungu ule hubaki katika udongo kwa miaka mingi baada ya mmea kung'olewa. Anayepanda tena mche wa mbegu mahali pale pale huwa anapanda kuni.

Kwa hiyo mama yule alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuhamia ardhi safi, na ardhi safi ilikuwa ya shemeji zake. Angehitaji kwenda kuomba, na katika kuomba huko lingezuka swali la zamani la nani ana haki gani. Ya pili ni kubaki pale pale na kupanda mche wa kupandikizwa, ambao haupatikani bure.

"Nilikaa nayo msimu mzima, mayi," alituambia, akitumia neno ambalo kwa Kibukusu ni mama. "Kuomba ardhi ni rahisi siku ya kwanza. Ugumu ni kila siku baada ya hiyo."

Aliichagua njia ya pili, na hapa ndipo Pwani inapoingia katika kisa hiki.

Mkarakara wa manjano una mizizi ambayo fuzari huishinda kwa taabu, na huvumilia pia minyoo fundo. Mkarakara wa zambarau una tunda ambalo soko la bara na la ng'ambo hulipenda, lakini mizizi yake ni dhaifu. Basi wakulima huwaunganisha. Huotesha mbegu ya manjano mpaka shina lake liwe na unene wa kalamu ya risasi, wakalikata kiasi cha sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, na kulipasua kidogo katikati. Kisha huchukua kitawi cha zambarau chenye macho mawili au matatu kutoka mmea mzima wenye afya, wakakichonga ncha kama kabari, wakakipachika ndani ya ule ufa na kukifunga kwa utepe wa plastiki. Mche hufunikwa kwa mfuko mwangavu na kuwekwa kivulini kwa wiki tatu hivi. Ukishika, huwa mmea mmoja: chini ni ndugu yetu wa pwani, juu ni wa bara.

Kupandikiza huku hakuondoi uangalifu. Kile kiungo lazima kikae juu ya udongo daima. Mkulima akirundika udongo mpaka ukakifunika, sehemu ya zambarau hutoa mizizi yake yenyewe, na fuzari hupata mlango. Vile vile machipukizi yatokayo chini ya kiungo lazima yavunjwe mapema, la sivyo shina la manjano litajilea lenyewe na kukinyima chakula kile kitawi. Jicho la mkulima huyatambua kwa rangi: mara nyingi mashina na vikono vya mkarakara wa manjano vina wekundu fulani, ilhali vya zambarau ni vya kijani tupu.

Na kwa kuwa mche wa kupandikizwa una thamani, wapo pia wauzao mche wa mbegu kwa jina la mche wa kupandikizwa. Mnunuzi asione haya kuuinua mfuko na kulitafuta kovu la kiungo kwa kidole chake. Mche usio na kovu haukupandikizwa, hata muuzaji aape vipi. Wataalamu wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo lililoitwa KARI hapo zamani, wana kituo Kitale, na afisa wa kilimo wa wadi huweza kumwelekeza mkulima kwenye kitalu cha kuaminika.

Tulizunguka naye shamba lake jipya. Kwa nafasi ya mita 2 kwa 3, ekari moja hubeba miche 670 hivi, na nusu ekari nusu yake. Yeye alikuwa na 40 tu. Alikataa kukopa kwa riba ili apate zaidi, si kwa kuwa dini yake ilimkataza, kwani si Mwislamu, bali kwa kuwa aliwaona waliokopa. Miche hiyo 40 ilikuwa imefika kwenye waya. Kila mmoja ulikuwa umeachiwa shina moja tu kupanda, na ulipoufikia waya ncha yake ilikatwa ili itoe mikono miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kutoka mikono hiyo matawi madogo yalishuka kama pazia. Humo ndimo tunda huzaliwa, kwani mkarakara hauzai kwenye tawi kuukuu. Usipopogolewa huwa kivuli kizuri kisicho na faida.

Ardhi iliyobaki alikuwa amepanda mahindi. Kunde aliziepuka, na ana sababu. Kuna maradhi mengine ya mkarakara, ya virusi, yanayolifanya ganda la tunda kuwa nene na gumu kama ubao, na ute wake kuwa haba. Virusi hivyo huenezwa na vidukari pamoja na visu vya kupogolea visivyosafishwa, na baadhi yake huishi pia katika kunde. Mmea ulioingiliwa hauponi. Hung'olewa na kuchomwa. Mkulima mwenye huruma na mmea mmoja mgonjwa hulihukumu shamba lote, na la jirani pia.

Siku tuliyokuwepo alifika mchuuzi. Mikarakara ilikuwa imechanua, matunda hayajafunga. Mchuuzi alitaka kununua mazao yote ya msimu papo hapo, kwa fedha taslimu. Kwa mjane aliye na karo ya kulipa, noti zilizo mezani zina uzito. Mama alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, kisha akakataa. "Ua si tunda," alisema. "Mvua ya mawe ikinyesha, wewe utanichukia, na mimi nitakuwa nimekula pesa ya kitu ambacho hakikuwepo."

Sisi tuliokuwa kando tulitazamana. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihirika kuiva kwake, na akawakataza wote wawili, muuzaji na mnunuzi, Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Hekima yake aliibainisha mwenyewe: Mwenyezi Mungu akilizuia tunda, ni kwa haki gani mtu atachukua mali ya nduguye? Mama wa Chwele hakuisoma Hadithi hii popote, lakini mazao yaliyokauka mtini yalimfundisha hekima ile ile.

Ni vyema wasomaji wetu wajue kwamba sharia haikumfungia mkulima mwenye haja kila mlango. Ipo bai salamu, ambayo mnunuzi hulipa thamani yote mwanzo, na muuzaji huahidi bidhaa iliyoelezwa sifa zake, kwa uzani unaojulikana na siku inayojulikana. Sharti ni kwamba bidhaa isifungwe na shamba hili maalumu au mti huu maalumu, ili muuzaji aweze kuitoa popote iwapo lake litaharibika. Kilo mia za karakara la daraja fulani, tarehe fulani, ni biashara. Maua ya shamba la mama fulani ni kubahatisha. Anayetaka kuingia katika mkataba kama huo na amuulize sheikh wake kwanza.

Jambo hili la uzani nalo lina uzito wake. Mazao mengi ya shamba huuzwa kwa gunia au kwa ndoo, na gunia linaweza kushonewa kilemba juu yake mpaka likabeba zaidi ya haki. Mama yule ana mizani ndogo ya kuning'iniza, na huuza kwa kilo. Wachuuzi wengine humpita kwa sababu hiyo. Wanaorudi ni wale wasioiogopa mizani.

Kwa kina mama wa Pwani wanaotamani mkarakara uani, wapande wa manjano, kwani ndio uliozoea nchi yetu. KALRO imetoa aina zake zinazojulikana kama KPF 4, KPF 11 na KPF 12. Anayeotesha mwenyewe na achukue tunda lililoiva vyema, aziloweke mbegu siku mbili tatu mpaka ute uachane nazo, azioshe, azikaushe kivulini, kisha azisie. Zitachomoza kati ya wiki mbili na nne. Mche ukifika urefu wa shubiri mbili na uhamishwe mahali penye jua, pasipotuama maji. Chanja ya uani, ukuta wenye waya, hata uzio wa nguzo za mikoko, vyote vyafaa.

Yako mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza, mkarakara wa manjano haujizalishi kwa chavua yake wenyewe. Panda miwili au zaidi itokayo matunda mbali mbali, si mmoja, la sivyo utapata maua ya kutazama tu. La pili, wakunga wake ni nyuki wakubwa weusi watoboao mbao, wanaoitwa nyuki seremala. Sisi huwafukuza kwa kuwa hutoboa boriti zetu. Tuwaachie gogo kavu pembeni ya ua, nao watatuachia boriti. Wasipokuwepo, baada ya Adhuhuri chukua chavua ya ua moja kwa ncha ya kidole uipake kwenye vishikio vya ua la mmea wa pili. Watoto huipenda kazi hii. Wala usinyunyize dawa ya wadudu wakati maua yako wazi. La tatu, tunda bichi lina sumu kidogo ndani yake, basi watoto wafunzwe kungoja. Karakara lililoiva huanguka lenyewe. Likikunjamana ganda halikuharibika. Ndipo utamu wake ulipokamilika.

Katika Suratul An'am, aya ya 141, Mwenyezi Mungu ametaja bustani zinazotambazwa juu ya chanja na zisizotambazwa, akaamrisha tule matunda yake, tutoe haki yake siku ya mavuno, wala tusifanye israfu. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wetu Pwani, hawakuwajibisha zaka ya mazao katika matunda ila tende na zabibu. Mahanafi wameipanua kwa kila kiotacho. Hata kwetu, fedha itokayo mauzo ikifikia nisabu na kuzungukiwa na mwaka ina zaka yake. Na kabla ya hesabu hizo iko sadaka isiyohitaji mizani: Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba Mwislamu apandapo mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka.

Lakini "haki yake" haiishii kwenye tunda. Ardhi nayo ina wenyewe. Ni rahisi kwetu kuusikia mwiko wa Kakamega na kutikisa vichwa, tukijisifu kwamba Qur'ani ilimpa mwanamke fungu lake la mirathi karne kumi na nne zilizopita. Ilimpa, naam. Je, sisi tumempa? Ni dada wangapi wa Lamu, Malindi na Mombasa walioambiwa "mwachieni kaka, nyinyi mtaolewa", wakatia saini kwa haya? Ni wajane wangapi wakaao katika nyumba ambayo thumuni yao haijawahi kugawiwa, wakipanda asumini kwenye chungu kwa kuwa chungu chaweza kuhamishwa? Mkarakara ni mmea mwema, lakini si uadilifu kwamba mwanamke achague mmea wa miaka mitatu kwa sababu hana uhakika na wa nne.

Tulipoagana, mama yule wa Chwele alitupa mbegu za manjano, zimekaushwa na kufungwa kwenye karatasi ya daftari. Yeye huziotesha kwa ajili ya mashina ya kupandikizia, na matunda yenyewe huwapa watoto. Alitaka kujua ikiwa kweli Pwani hufunguka mchana. Tulimwambia ndiyo, hufunguka Adhuhuri, wakati tunaposwali. Akacheka, akasema hapo sasa ameelewa kwa nini mashina yale hayachoki: asubuhi yote yalikuwa yamelala.

Mwenyezi Mungu ajaalie mazao yake na yetu kuwa ya halali na ya baraka, na atupe nguvu ya kumpa kila mwenye haki haki yake.

Wabillahi tawfiq.